Tata wa Mulango wa Bilding

Kosa langu la kwanza pale Bilding lilikuwa kupanga kitu ambacho kilikuwa kimepangwa tayari. Nilikuwa na miaka ishirini na mwezi mmoja wa kazi. Niliona ubao wa funguo wa mzee wa mlangoni umevurugika: ufunguo wa ghorofa ya sita kando ya ule wa ghorofa ya kwanza, wa kushoto umetundikwa kulia. Jumapili moja asubuhi, yeye akiwa misani, niliushusha ubao, nikaupangusa vumbi, nikatundika funguo zote kumi na mbili kufuata ghorofa, kutoka chini hadi juu. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikautazama, nikafurahi. Sikumwambia mtu. Nilitaka auone mwenyewe akirudi, ashangae.

Bilding lilikuwa jengo la ghorofa sita katika mtaa wa wakubwa, upande ule ambapo mji unateremka kuelekea mto Musonoi. Kampani ya shaba ililijenga kwa ajili ya mainjinia na madaktari wake. Kila ghorofa ilikuwa na nyumba mbili, tukiziita apartema, moja kushoto na moja kulia. Mtu akikaa pale hakuhitaji kuchosha mkono wake. Maji ya moto yalipanda kwa bomba. Nguo zilishuka chafu hadi chumba cha kufulia, zikapanda zimepigwa pasi. Takataka ziliondoka kabla mwenyewe hajaamka, na asansere, yaani lifti, ilimbeba hadi mlangoni kwake. Kutoka varanda za juu uliona mto, na nyuma ya mto vilima vya udongo uliotolewa mgodini. Sisi tuliofanya kazi pale tulikuwa tunakaa cité, mtaa wa wafanyakazi, ng'ambo ya vilima hivyo, tukija kwa miguu kila asubuhi. Mzee wa mlangoni peke yake alikaa ndani ya Bilding: chumba kimoja cha chini, kitanda, meza, na dirisha dogo linalotazama njia ya magari.

Mimi nilikuwa mtu wa asansere. Hakuna shule iliyonifundisha kazi hiyo. Niliipata katika vitabu viwili vya Kifaransa, kimoja bila jalada, na kwa kufungua na kufunga mashine ya zamani iliyotupwa nyuma ya karakana. Mtu aliyejifundisha peke yake anaogopa kila siku kwamba kuna ukurasa hakuusoma. Kila nati niliikaza mara tatu. Ripoti ya mistari mitano niliiandika mara nne. Nasema haya si kwa kujitetea, ila mtu aelewe ni mkono wa namna gani uliogusa ule ubao.

Jina la mzee lilikuwa kwenye karatasi za kampani, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Wote, kuanzia daktari wa ghorofa ya tano hadi watoto, walimwita Tata wa Mulango, yaani Baba wa Mlango. Ukimwita zamu, yaani mlinzi, alikusahihisha hapohapo.

"Mi haiko zamu," alisema. "Zamu analindaka ukuta. Mi nalindaka batu."

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miwani ambayo mzungu mmoja alimwachia akihama. Mfukoni mwa koti lake la bluu kulikuwa na kalamu ya bic, siku zote, kifuniko chake kiking'aa. Hakukaa kwenye kiti mtu anapopita. Aliinuka kwa kila mtu, hata mtoto wa miaka mitatu anayetoka kwenda kucheza, akasema, "Moyo," salamu ya nyumbani kwao Kasai, kisha akangoja jibu. Miaka ile kila mkubwa alitaka aitwe sitwayen, yaani raia, na kuna mmoja wa ghorofa ya pili aliyepita bila kumjibu. Tata akamwambia mgongoni, kwa sauti ya upole kabisa:

"Sitwayen namna gani, na salamu inakushinda kubeba?"

Yule bwana alirudi akasalimu. Tangu siku hiyo alisalimu kwanza.

Barua zilikuwa ibada yake. Mtu wa posta alipofika na furushi hakuruhusiwa kuliweka mezani na kwenda zake. Alisimama wima, akatoa barua moja moja, akasoma jina kwa sauti, na Tata akaipokea kwa mikono miwili na kuiweka mahali pake.

"Tata, niko na haraka, soma weye," mtu wa posta alilalamika siku moja mbele yangu.

"Sema jina, nisikie. Barua haifikake kama haiyatajwa."

"Na kama sisemi?"

"Basi bado iko mu njia. Rudia nayo posta."

Mtu wa posta alinitazama, akacheka, akasoma. Sisi wote tulifikiri ni heshima ya kizamani, na mimi niliipenda hasa, kwa kuwa ilikuwa na utaratibu. Hakuwahi kupeleka barua nyumba isiyo yake. Sijui mtu mwingine yeyote pale ambaye hakuwahi kukosea kitu.

Nyuma ya Bilding, karibu na tangi la maji ya moto, alikuwa na shamba dogo la nyanya. Nilipoanza kazi nilishangaa kuona kila mche umefungwa kwenye kijiti kwa kitambaa cha hariri: chekundu chenye madoa, bluu chenye mistari, kimoja chenye nembo ya shule ya Ulaya. Zilikuwa tai. Serikali ilipokataza tai na wanaume wakaanza kuvaa abakosti, koti la shingo iliyofungwa, wakubwa wa Bilding walimpa zao azichome. Yeye hakuchoma.

"Banakatazaka tai mu shingo ya mutu," alinieleza. "Mu shingo ya tomati hakuna mutu alikataza."

Na nyanya zile alizigawa. Alijua nani anapenda mbichi, nani anataka zilizoiva mno kwa mchuzi.

Kitu kimoja kilinichoma moyo: hakupanda asansere yangu hata mara moja. Aliwafungulia wengine mlango wake, akabonyeza kitufe, akasema, "Muingie, Mama, haina ubaya," kisha yeye mwenyewe akapanda ngazi. Ghorofa sita, akiwa na umri ule. Nilimuuliza kama anaona kasoro. Nilikuwa tayari kufungua mashine yote.

"Haina kasoro, mwanangu. Lakini kitu yenye kupandaka bila kuchoka, mi siiaminiake. Niko na magoti yangu. Bado hayanikatala."

Hata hivyo ndiye aliyenitetea kuliko wote. Umeme ulikatika siku moja mchana, na mke wa daktari akabaki ndani ya asansere kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Nilikuwa juu nikizungusha gurudumu kwa mkono, jasho likiniingia machoni, nikimsikia akipiga kelele. Tata alikaa kwenye ngazi, mdomo karibu na mlango wa chuma.

"Tata, nitakufa humu!"

"Hauwezi kufa, Mama. Ule kijana ya mashine anaogopaka kukosea kupita vile weye unaogopaka kufa. Atakutosha inje."

Yule mama alicheka huku analia. Nami juu kule nilizungusha gurudumu na aibu yangu, maana wakati huo ule ubao ulikuwa tayari kati yetu, naye hakujua.

Basi nirudi kwenye ile Jumapili.

Familia ya ghorofa ya nne, kushoto, ilikuwa imekwenda ziwani Nzilo tangu asubuhi. Walipotoka maji yalikuwa yamekatika, na kama inavyotokea kwa watu wetu wote, mtu alikuwa amefungua bomba la bafu aone kama kuna tone, akaliacha wazi. Mchana maji yakarudi. Bafu likajaa, likafurika, na maji yakaanza kushuka kwenye dari ya ghorofa ya tatu, nyumbani kwa Shefu wa Majumba, yule mkubwa wa kampani aliyesimamia majengo yote.

Tata alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka misani. Alikimbilia ubao, akachukua ufunguo kutoka mahali alipojua, akapanda ghorofa nne kwa miguu. Haukufungua. Akashuka, akachukua mwingine, akapanda. Haukufungua. Akashuka tena. Funguo zote zilifanana: vita vilipopita mjini mwetu milango mingi ilivunjwa, na kampani ikaweka vitasa vipya vya namna moja. Kila ufunguo ulikuwa na kibao kidogo kilichoandikwa ghorofa na upande. Mimi niliposikia kelele nikashuka kutoka chumba cha mashine, nikamkuta mbele ya ubao, anagusa ufunguo huu, anauacha, anagusa ule. Nilinyoosha mkono nikachukua wa nne kushoto. Nilijua ulipo. Mimi ndiye niliyeutundika.

Nilipanda, nikafungua, nikafunga bomba. Watu walinipigia makofi. Mke wa Shefu alinishika bega na kusema hadharani kwamba vijana ndio wanaofaa kazi.

"Na weye Tata," Shefu alisema, suruali imelowa hadi magotini, "kwa nini haukutazama kibao?"

"Nilikuwa na haraka, Shefu. Funguo haziko pa nafasi yake."

"Nani aligusa funguo?"

Tata alitazama ubao. "Sijue," alisema.

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Neno lilikuwa mdomoni, lakini nilitaka kwanza kulipanga: nianze na sababu, au nianze na kosa? Nikiwa bado napanga, Shefu aliondoka.

Jumatatu walimwita ofisini. Karani alimsomea barua ya onyo iliyopigwa chapa kwa mashine: kosa moja tena, na kazi pamoja na chumba vitarudi mikononi mwa kampani. Alirudi na nakala yake imekunjwa mara nne. Mke wake alikuwa amekwisha kufa, na binti yake aliolewa mbali, Mutshatsha. Chumba kile ndicho kilichokuwa nyumba yake. Jioni hiyo alipita na funguo mlango kwa mlango, akisema anajaribu vitasa, kisha akazirudisha zote mahali pake pa zamani, moja baada ya nyingine, bila kutazama vibao. Nilihesabu ni muda gani alitumia. Hata dakika mbili hazikufika.

Nilishindwa kulala. Siku ya Alhamisi nikaamua kumwandikia. Kwangu mimi kitu cha maana kiliandikwa kwa Kifaransa, tena kwa mashine. Nilibaki ofisini saa ya mapumziko, nikatumia karatasi ya ofisi na mashine ya karani. Nilianza kwa "J'ai l'honneur", yaani nina heshima, kama walivyoanza wote wanaoandikia wakubwa. Niliandika kurasa nne kabla sijapata moja isiyo na kosa. Nilikiri yote: ubao, kimya changu, makofi niliyopokea. Nilisema akitaka nitakwenda mwenyewe kwa Shefu, na kwamba nangoja jibu lake. Nikatia sahihi, nikaweka katika bahasha, nikaisukuma chini ya mlango wake.

Hakujibu.

Kesho yake alinisalimu, "Moyo," kama kawaida. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Nilijiambia: amesoma, amesamehe, na kwa ukubwa wake hataki tuzungumze. Siku nyingine nilijiambia: amesoma, na kimya chake ndicho adhabu yangu. Mawazo yote mawili yaliniruhusu kukaa kimya. Ningeweza kumuuliza wakati wowote. Tulikuwa tunaonana mara kumi kwa siku.

Mwaka uliofuata aliniona nautazama ubao, akanieleza mpangilio wake bila kuombwa.

"Mustari ya juu, ni nyumba zenye batoto badogo. Mutoto akijifungia ndani, unakamata bila kufikiri. Ya katikati, ni batu ba kusahau. Ya chini, ni bale habaombake kitu hata siku moja."

Nilisikia masikio yanawaka. Utaratibu wangu ulifuata ghorofa, yaani ulifuata saruji. Wake ulifuata watu. Nilimtazama usoni nione kama ananipiga kijembe. Alikuwa anatabasamu tu.

Sasa lazima niseme upande wake wa pili, ambao sikuuelewa kwa miaka saba.

Katika chumba cha kufulia alifanya kazi mama mmoja mnene, mwenye kicheko kinachosikika hadi barabarani. Tulimwita Mama wa Kufulia. Saa sita yeye ndiye aliyepika bukari, ugali wetu, na sombe, yaani kisamvu, kwa ajili yetu sote, na wafanyakazi wote tulikula sahani moja karibu na tangi la maji ya moto, kwa kuwa pale palikuwa na joto. Tata alikuwa na nafasi yake kando yake. Walitaniana kama shemeji.

"Tata, siku moja nitakamata ile kiti yako ya mulango, nikaliepo na haya matako yote, utaona kama mutu atapita!"

"Kiti itakufa mbele yako, Mama."

Baada ya ile Jumapili ya maji, Tata hakuja tena kula. Mama alimpelekea chakula chake kwenye sahani iliyofunikwa. Kilirudi kimefunikwa vilevile. Akampelekea siku ya pili, na ya tatu. Kisha akaacha. Mama alipopita mlangoni, Tata aliinuka, maana aliinuka kwa kila mtu, lakini hakusema "Moyo". Mtu aliyegawa nyanya kwa nyumba kumi na mbili hakumpa yule mama hata moja.

Miaka miwili baadaye mume wake alifariki kwa ugonjwa. Tata alikuwa na sifa mji mzima ya kutokosa kilio, yaani matanga. Alikwenda vilio vya watu asiowajua, akakaa chini na wanaume, akachangia unga. "Mutu akifa jirani ya jirani yako, ni weye," ilikuwa kauli yake. Basi sote wa Bilding tulijikusanya kwenda mtaa wa Musonoi, kwa Mama wa Kufulia, tukapita kumchukua.

"Muende," alisema. "Mulango haiko na miguu."

"Tata, ni kilio ya Mama yetu!"

"Nimesema muende."

Mama aliuliza usiku ule wa kwanza, na wa pili: "Tata wa Mulango iko wapi?" Tulimdanganya kwamba mgongo unamuuma. Aliitikia kwa kichwa, hakuamini. Mwaka uliofuata aliacha kazi, akaanza kupiga pasi nyumbani kwake kwa pasi ya makaa. Nilisikitika. Nilijiambia hata watu wema wana kona ya giza. Niliandika wazo hilo katika daftari langu, nikalirekebisha mara mbili hadi likawa zuri.

Mwaka huu Tata amestaafu. Siku moja kabla ya treni ya Mutshatsha aliniita chumbani. Kitanda kilikuwa kimefunguliwa vyuma, nguo ziko ndani ya kapu. Mezani palikuwa na bati la biskuti. Alilifungua, akatoa bahasha iliyokuwa nyeupe zamani. Haikuwa imefunguliwa.

"Mwanangu, we unajuaka Kifaransa ya mashine. Unisomee hii."

Niliitambua kabla hajamaliza kuitoa.

"Tata… kwa nini haukuifungua?"

Alivua miwani, akaiweka juu ya meza. Alikuwa anaona vizuri tu bila hiyo.

"Mi sijuake kusoma. Hata jina yangu. Ningesema, bangetia mutu mwingine ku mulango. Sasa, ile barua ya kwanza, karani alinisomea: kosa moja tena, unatoka. Siku tatu kisha, ona, naikuta hii chini ya mulango. Karatasi ile ile. Mashine ile ile. Nikasema, basi, hii njo yenyewe, ya kunifukuza. Lakini barua haifikake kama haiyatajwa. Nikaifunga mu bati. Kila asubuhi nilikuwa naamka, nasema: leo tena haiyafika." Alicheka kidogo. "Kesho mi haiko mutu wa kampani. Sasa inaweza fika. Soma."

Nilikaa juu ya kapu. Niliipasua. "J'ai l'honneur," nilisoma, na sauti yangu ilinichukiza. Nilisoma mstari kwa Kifaransa, kisha nikauweka katika Kiswahili chetu, na kila nilipofanya hivyo maneno marefu yalianguka yakabaki mafupi: Ni mi niligusa. Ni mi nilinyamaza. Ni mi balipigia makofi. Nilisoma hadi jina langu, nikalisoma pia.

Nje mtoto alikuwa anapiga mpira ukutani. Nilingoja anitukane, na nilitaka sana anitukane.

"Kwa hiyo haikuwa Mama," alisema.

"Mama gani?"

"Mama wa Kufulia. Balinambia ule Jumapili alipita hapa kukamata nguo, mi niko ku misa. Wiki moja mbele, alisema atakamata kiti yangu. Nikawaza: banasemaka mu kucheka, banafanyaka mu kweli. Ni yeye anataka nitoke." Alishika kichwa. "Nilirudisha chakula yake. Bwana yake alikufa, mi nikaikala hapa, na magoti mazima."

Miaka saba niliogopa hasira yake juu yangu. Haikunijia hata siku moja kwamba ilikuwa inamwangukia mtu mwingine, palepale, mbele ya macho yangu, kwenye sahani niliyokuwa nakula.

"Tata, unisamehe."

"Funguo, nimesamehe. Mutu wa miaka makumi mbili, anapanga bintu. Lakini ile kilio haiko yangu kusamehe." Aliinuka, akavaa koti lake la bluu, akaitoa kalamu mfukoni na kuiacha mezani. "Vala biatu."

Tulikwenda kwa miguu. Sokoni alinunua unga, mfuko mzima, akakataa nimsaidie kuubeba. Mama wa Kufulia alikuwa uani kwake, pasi inatoa moshi, rundo la mashati kando yake. Alituona. Hakuinuka. Tata aliweka unga karibu na mlango, akapita kiti kilichokuwepo, akakaa chini kabisa udongoni, kama wanavyokaa wanaume kwenye matanga.

"Tata wa Mulango," Mama alisema. "Unatafuta nini mu udongo?"

"Nakuya ku kilio, Mama."

"Kilio gani? Nani alikufa?"

"Bwana yako."

Mama aliweka pasi juu ya jiwe. "Ile iliisha miaka tano."

"Mi njo naisikia leo."

Alimtazama, nikadhani atalia. "Kutoka Bilding mupaka hapa, miaka tano? Asansere iliharibika?"

"Unajua vile mi sipandake asansere."

Alicheka kile kicheko chake, kikasikika hadi kwa majirani, na machozi yakaja katikati yake. Kisha akaniona mimi, nimesimama bado kwenye lango.

"Na huyu?"

"Huyu iko na neno," Tata alisema. "Atasema mwenyewe."

Sikuwa na karatasi. Nilianza katikati, nikarudi mwanzo, nikasahau maji, nikarudia funguo mara mbili. Haikuwa na mpangilio wowote. Mama alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya magoti.

"Mi niliwazaka ni juu ya sabuni," alisema polepole. "Kwamba aliwazaka naiba sabuni. Miaka yote hii nilikuwa nahesabu sabuni mu kichwa."

Alimvutia Tata kiti, akamshika mkono ainuke akalie. Akaingia ndani kuweka maji ya bukari motoni, kwa unga uleule wa kilio. Mimi hakunipa kiti. Nilikula nimesimama, kutoka sahani moja nao.

Tata alipanda treni kesho yake asubuhi, nami nilimbebea kapu. Tangu siku ile nikiwa na neno kwa mtu naenda kumwambia kwa mdomo, hata kama bado sijalipanga. Ubao wa Bilding sasa uko mikononi mwa kijana mwingine, ameupanga kufuata ghorofa, nami nimemweleza mpangilio wa zamani. Mama wa Kufulia ninapita kwake kila Jumamosi. Salamu yangu anaijibu siku moja moja.